Starlet Iliyolala na Maji ya Bamvua

Ukitaka kujua gari yako imeshuka kiasi gani, usihangaike na kipimo. Ipeleke feri ya Likoni siku za bamvua, maji yakiwa yamekupwa kabisa. Saa hiyo feri imekaa chini, mlango wake umelala kwenye mteremko wa saruji wenye maji na utelezi, na pale chuma kinapokutana na saruji pana kona. Gari za watu zinapita tu. Yangu ilikuwa inaingia pua kwanza, halafu kraaa, hiyo ni bampa, halafu kraaa nyingine ndefu, hiyo ni egzosi, na foleni nzima ya waenda kwa miguu inageuka kutazama. Siku moja mwaka 2022 kijana aliyebeba trei ya mayai akaniuliza, "Kaka, hiyo gari imelala ama inaumwa?"

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Mamangu, aliyekaa kando yangu, hakucheka.

Nitarudi kwa mamangu. Kwanza nataka kueleza gari fupi zilitufikiaje sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa sababu ukiangalia barabara zetu, huu ndio mtindo wa mwisho ambao tungetarajiwa kuupenda.

Kenya ilifundishwa kupenda gari iliyo juu. Afisa wa kikoloni alikuja na Land Rover, na mkubwa wa leo anakuja na Prado. Aliye chini anaona tairi kwanza, sura baadaye. Mwaka 1953 yakaanza mashindano ya Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, gari zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Ndiyo yaliyokuja kuwa Safari Rally. Kwa miaka mingi ilikuwa kama tangazo la biashara: gari iliyoweza kuvuka matope ya Pasaka na vumbi la Tsavo ndiyo babako aliyoitamani. Joginder Singh alishinda kwa Volvo mwaka 1965, kisha kwa Mitsubishi Lancer 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo akiwa na Datsun, kuanzia 1979 hadi 1982. Peugeot 404 na 504 nazo zikapata sifa hiyohiyo. Hakuna aliyesifu gari kwa kuwa chini. Chini maana yake ilikuwa kukwama.

Na hizo gari hazikuwa nyingi. Miaka ya 1970 serikali ilitaka gari ziunganishwe humu nchini, na Mombasa ikapata kiwanda chake, Associated Vehicle Assemblers, ambacho watu wa Changamwe na Miritini wanakijua kwa kifupi, AVA. Vipande vilikuja bandarini ndani ya masanduku, vikafungwa hapa, vikapigwa rangi hapa. Gari mpya ya dukani ilikuwa kitu cha kampuni, cha daktari, cha serikali. Kijana wa miaka 24 asiye na kazi ya ofisi hakuwa kwenye hesabu.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1993. Serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa na ya fedha za kigeni, na meli zikaanza kuteremsha Kilindini gari ambazo Wajapani walishazitumia. Kule Japani gari mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali. Wengi wanaona heri wauze. Wao wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko upande uleule, kwa hiyo gari inatoka kwenye meli ikiwa tayari kwa barabara. Viwanda vya humu viliumia sana. Lakini mwalimu wa msingi, karani wa bandari na mama mwenye duka la vitenge, kwa mara ya kwanza, wakaweza kufikiria gari ya kwao.

Hapo ndipo Starlet inapoingia. Yangu ni ile ambayo wanaojua wanaiita EP82, iliyotengenezwa kati ya 1989 na 1995. Injini ya lita 1.3, uzito haufiki kilo 900, vipuri viko kila kona, na fundi yeyote anaifungua macho yakiwa yamefumba. Mrithi wake, EP91, aliendelea hadi 1999, halafu Toyota ikaifunga hadithi na kuleta Vitz. Sasa weka hilo kando ya sheria yetu: Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane. Piga hesabu. Starlet ya mwisho kabisa, ya 1999, muda wake wa kuingia ulikuwa umeisha kufikia 2007, mwaka uleule namba za gari zilipotoka KAZ kwenda KBA. Ndiyo maana karibu kila Starlet ya aina hiyo utakayoiona Mtongwe au Mtopanga namba yake inaanza na KA. Haziongezeki. Zinapungua moja baada ya nyingine, kila ajali, kila kutu, kila mwenye kuchoka akiuza kwa kilo.

Na wazo la kuilaza? Hilo lilizaliwa mbali na huku, na lilizaliwa kwa ukaidi. California, vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa wakiteremsha gari za zamani na kuziendesha polepole mitaani wakati Mmarekani mwenye pesa alitaka gari mpya na ya kasi. Mwaka 1958 sheria ya jimbo ikaanza kazi: sehemu yoyote ya gari isiwe chini ya ukingo wa chini wa rimu. Kijana mmoja, Ron Aguirre, akafunga pampu za ndege kwenye Corvette yake, ili askari akitokea gari ipande, akipita ishuke tena. Sheria za kuwazuia watu kuzunguka mitaani polepole zilikaa hadi California ilipozifuta kuanzia Januari 2024.

Japani nao walikuwa na lao. Miaka ya 1970 na 1980 vijana walikata springi za gari ndogo ndogo, wakaita mtindo huo shakotan, yaani kimo kifupi tu, basi. Hawakuwa matajiri. Walitumia gari za kawaida za familia, na msumeno. Kwa hiyo gari zilizotufikia Kilindini zilitoka kwenye nchi ambayo tayari ilijua kuzilaza.

Sisi tuliona kwenye skrini kwanza. Filamu ya The Fast and the Furious ilitoka 2001, mchezo wa Need for Speed Underground 2003. Nikiwa darasa la tano kulikuwa na kibanda cha pleisteshen karibu na kwetu Majengo Mapya, Likoni, shilingi tano kwa raundi. Pale ndipo nilipojifunza kwamba gari inaweza kuwa na tumbo linalokaribia lami. Nje ya kibanda barabara ilikuwa mchanga na mashimo. Hakuna aliyeona ajabu.

Kuna jambo jingine, na hili ni dhana yangu tu. Mapambo ya gari kwetu yalikuwa kazi ya matatu: michoro, taa, muziki. Sheria za Waziri Michuki, zilizoanza kazi Februari 2004, zikaleta mstari wa manjano, mikanda na kidhibiti mwendo cha kilomita 80, na matatu zikanyamaza kwa miaka kadhaa. Hadi Rais Uhuru aliporuhusu michoro tena mwishoni mwa 2014, sisi tulikuwa tumekua tukiona rangi zikifutwa. Gari yako binafsi ilibaki kuwa mahali ambapo hakuna wa kukupangia rangi wala kimo. Sisemi hiyo ndiyo sababu. Nasema ilikuwepo.

Sasa mimi. Nilitoka chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenishinda, na mtaani kila mtu alijua. Nilianza kuandika kwa kulipwa: maelezo ya bidhaa za watu, hotuba za harusi, barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe sikuzipata. Mwaka 2021 nikawa na laki moja na elfu sitini na tano, nikainunua Starlet kwa mwalimu mstaafu wa Kiembeni. Mzee wa watu aliitunza. Alinipa hadi risiti za oili. Angejua nitakachoifanya, nadhani angepandisha bei.

Nitasema ukweli kwa nini niliishusha. Nilichoka kuulizwa "umemaliza lini?" Nilitaka nikipita, watu waulize jambo jingine. Gari iliyolala inasema mwenyewe hana haraka, barabara yake ni nzuri, mambo yake yamenyooka. Ni kama kuvaa suti kabla ya kupata kazi. Mimi sikuwa na barabara nzuri wala mambo yaliyonyooka, lakini springi nilikuwa nazo nne.

Njia halali ni kununua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari hiyo, pamoja na shokomzoba zinazolingana. Bei niliyotajiwa ilikuwa karibu nusu ya bei ya gari. Njia ya pili ni kukata. Njia ya tatu, ambayo hata kukata inaishinda kwa ubaya, ni kupasha. Fundi wa kwanza niliyempata alitaka elfu mbili tu. Hakufungua kitu. Alipiga jeki, akawasha gesi, akapuliza moto kwenye springi zikiwa palepale, na gari ikaanza kuketi yenyewe, taratibu, kama ng'ombe anayelala. Dakika ishirini, kazi imeisha. Nilisimama pale nimeweka mikono kiunoni, najiona bingwa.

Kabla ya hapo ningeweza kuingiza vidole vinne kati ya tairi na bodi. Sasa hata karatasi haikupita. Nikaongeza rimu za inchi 14 za mtumba, elfu kumi na sita, nikapiga picha Shelly Beach jua likizama.

Nililolijua baadaye nililifundishwa na fundi wa pili, mzee wa Magongo ambaye ujana wake ulipita kwenye kiwanda cha kuunganisha gari. Nilimfikia miezi minne baadaye, springi moja ya nyuma ikiwa imekubali kufa kabisa na gari imeinama upande kama mtu mwenye jipu. Aliichungulia, akatikisa kichwa.

"Nani alikupashia?"

"Fundi mmoja tu, mzee."

"Huyo si fundi. Huyo mpishi."

Akanieleza. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani na kupozwa kwa mpango, ndiyo maana kinarudi kila kikibanwa. Moto wa gesi unaua hiyo kazi, na hauui sawasawa: huku imelainika, huku imekauka. Itaendelea kuketi hadi ivunjike. Kukata ni afadhali, lakini kwa grainda, baridi, na kwa kiasi. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukiondoa mmoja na nusu, inabaki na minne na nusu, na inakuwa ngumu zaidi kwa theluthi moja. Shokomzoba za zamani haziwezi kuituliza, kwa hiyo gari inadunda. Halafu springi fupi ina ujanja mwingine: gurudumu likining'inia, tuseme unapotoka kwenye tuta, springi inalegea kwenye kiti chake. Ikirudi imekaa vibaya, unasikia ngo! Siku moja hairudi kabisa.

Akanionyesha tairi za mbele. Upande wa ndani zilikuwa zimelika hadi waya kuchungulia, upande wa nje bado mpya. Gari ikishuka, magurudumu hulalia ndani kwa juu. Nilikuwa nimepita Kibarani kwa kilomita tisini kwa saa na tairi hizo.

Hizo miezi minne nilizunguka kwa ramani ya kichwani ambayo haimo kwenye simu yoyote. Nilijua tuta lipi Bakarani la kupita mshazari, kona ipi Chaani ina shimo lililojificha kwenye maji, saa ngapi maji yanapwa Likoni. Ukiendesha gari fupi huku kwetu unajua historia ya kila kipande cha lami: hiki kiliwekwa karibu na uchaguzi, hiki kilichimbwa kupitisha bomba kikaachwa hivyo, hiki hakijawahi kuwekwa. Upande wa Nyali sikuhitaji kujua chochote. Lami ilikuwa lami. Nilipokuwa mtoto nilidhani tofauti ya huku na kule ni ya nyumba. Starlet ndiyo iliyonionyesha kwamba imo hata barabarani, na inapimika kwa vidole.

Sasa ile siku ya feri.

Mamangu ni mtu wa Likoni kabisa. Aprili 29, 1994, feri ilipozama Mtongwe na kuua watu zaidi ya 270, alikuwa msichana na aliwajua baadhi ya waliokufa. Septemba 29, 2019, gari ndogo ilirudi nyuma ikaanguka kutoka MV Harambee katikati ya kivuko, mama na bintiye wakiwa ndani, na ilichukua karibu wiki mbili kuwatoa. Tangu siku hiyo mamangu ana sheria. Feri ikianza kuondoka, yeye yuko nje ya gari. Kuwe na jua, kuwe na mvua, atasimama kando ya ukingo ameshika chuma, hadi ng'ambo.

Na mamangu ana magoti. Ndiyo yaliyotupeleka kisiwani siku hiyo, kwa miadi ya hospitali. Kwenye matatu hupanda kwa kujivuta. Kwenye Starlet yangu ilibidi ashuke, aketi karibu na ardhi, miguu ikiwa imekunjwa. Kuingia nilimsaidia nyumbani. Sikufikiria kutoka.

Baada ya ile kraaa na yule kijana wa mayai, tulielekezwa kando ya lori. Mlango wa upande wake ulifunguka nusu. Akaweka mkono mmoja kwenye dashibodi, mwingine kwenye mlango, akajaribu. Magoti yakakataa. Akajaribu tena. Mimi mlango wangu ulikuwa umebanwa na gari nyingine, singeweza kuzunguka. Feri ikatetemeka, ikaanza kuondoka.

Alirudi kukaa. Akashika mkono wa mlango, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kusoma dua. Kivuko kile ni dakika chache tu. Mimi nilikuwa nimevuta breki ya mkono hadi mwisho, nimeweka gia, nimekanyaga na breki ya mguu pia, naangalia tairi za gari ya mbele kama zinasogea. Sikumwambia kwamba springi za nyuma sijui zina hali gani.

Tulipofika ng'ambo hakugomba. Alisema tu, "Mwanangu, gari ni yako. Mimi usinibebe tena."

Alikuja hospitali kwa matatu mara mbili zilizofuata. Nilimwona kituoni akisubiri utingo amvute mkono.

Ndipo nikaenda Magongo. Mzee alinitafutia springi za kawaida kutoka kwenye nusu-gari, elfu nne na mia tano zote nne. Nilimwomba azifunge zilivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishangaza: akachukua grainda, akazikata nusu mzunguko tu, baridi, akilowesha kwa maji kila mara, akahakikisha ncha inakaa kwenye kiti chake. "Umeshaipenda hivyo," akasema, "lakini iwe ya kukaa watu." Shokomzoba mpya mbili za mbele, mtumba mbili za nyuma, kunyoosha magurudumu, tairi mbili. Jumla nililipa mara tatu ya yule mpishi na rimu zake. Sasa vidole viwili vinaingia.

Mwaka 2024 barabara ya Dongo Kundu ilifunguka yote, na mtu wa Likoni anaweza kutoka hadi Miritini bila feri, juu ya lami na madaraja ambayo hata gari iliyolala kabisa ingeyapita ikiimba. Jioni utawaona vijana kule na Starlet, Sunny na Demio, wamesimama kando wanapigana picha. Nawaelewa. Wamesubiri barabara ya namna hiyo tangu kibanda cha pleisteshen. Nikikutana na aliyepasha springi, namwambia habari za mpishi. Wengine wanasikiliza.

Lakini kuzunguka Dongo Kundu hadi kisiwani ni petroli nyingi, kwa hiyo siku za hospitali bado tunapanda feri. Mamangu alikata sponji ya godoro la zamani, akaishonea kitambaa cha leso, na sasa huo ndio mto wa kiti chake. Umemwinua kiasi cha kutosha. Miadi akipangiwa, kwanza anauliza watu wa pwani kama ni bamvua au maji mafu. Feri ikianza kuondoka anafungua mlango, anatoka mwenyewe, anasimama kwenye ukingo.

Mwezi uliopita tuliingia maji yakiwa chini sana. Nikaenda polepole, mshazari, kama nilivyozoea. Kraa. Fupi tu.

"Nini hiyo?" akauliza.

"Egzosi, mama."

"Ipandishe."